CD132 moja, sitokini sita: mbona ishara hazichanganyikani?

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Jambo wakubwa na wenzangu. Natayarisha somo la kinga kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa biomedikali hapa Bukavu, na nataka maelezo yatakayosimama hata mwanafunzi mkali akiyasukuma.

Sitokini (protini za kupashana habari kati ya seli) IL-2, IL-4, IL-7, IL-9, IL-15 na IL-21 zote zinahitaji mnyororo uleule kwenye utando wa seli: CD132, yaani gama ya pamoja. IL-2 na IL-15 zinashirikiana hata mnyororo wa pili, CD122. Upande wa ndani tunakuta JAK1 na JAK3 zilezile, vimeng'enya vya kuwasha ishara. Maswali yangu ni matatu:

1. Kama kipande cha kipokezi ni kimoja, seli inajuaje kwamba aliyefika ni IL-4 na si IL-7?
2. Mtoto aliyezaliwa bila CD132 inayofanya kazi hana seli T wala NK (seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa), lakini seli B anazo, tena za kutosha. Kwa nini?
3. Kuna jaribio gani la kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa damu ya mtu mwenye afya na sitometa (mashine ya kutambua na kuhesabu seli kwa rangi) ya rangi nne tu?

Aksanti.

Labo_Himbi (Goma)

Jambo ndugu. Nitajibu la kwanza na la pili. La tatu namwachia anayeshika pipeti kila siku.

CD132 peke yake karibu haishiki kitu. Sitokini hushikwa kwanza na mnyororo wake wa pekee, na CD132 huja mwisho kufunga kikundi. Kwa IL-2 mpangilio ni huu: inatua juu ya CD25 (alfa), halafu inagusana na CD122 (beta), na hapo ndipo CD132 inajiunga. IL-4 inashikwa na IL-4R alfa, IL-7 na CD127, IL-21 na IL-21R. Basi seli isiyo na CD127 haiwezi kuisikia IL-7 hata ikiwa imejaa CD132 utando mzima. Huo ndio mchujo wa kwanza: nani anasikia.

Mchujo wa pili uko ndani. JAK1 imeshikamana na mkia wa mnyororo wa pekee, JAK3 na mkia wa CD132. Mikia miwili ikisogezwa karibu, JAK hizo zinaamshana na kuweka fosfeti kwenye tirosini za mikia. STAT, protini zinazobeba ishara hadi kwenye kiini cha seli, haziji ovyo: kila moja hutafuta tirosini yenye majirani inaowatambua. Mkia wa IL-4R alfa una sehemu za STAT6. Mikia ya CD122 na CD127 inaita STAT5. Wa IL-21R unaita STAT3 zaidi. CD132 imeleta JAK3, yaani moto wa kuwashia, lakini mkia wa pekee ndio unaochagua kitakachowaka.

Sasa affiniti, yaani nguvu ya kushika, maana hapa wanafunzi wengi hupotea. CD25 peke yake inaishika IL-2 kwa Kd (kadiri ilivyo ndogo, ndivyo nguvu ya kushika ilivyo kubwa) ya karibu nanomola 10, na haipeleki ishara yoyote, kwa sababu mkia wake wa ndani una asidi amino 13 tu. CD122 pamoja na CD132 bila CD25: karibu nanomola 1, na ishara inapita. Mitatu pamoja: karibu pikomola 10. Kuongeza CD25 kunafanya kipokezi kiwe na usikivu wa mara 100 hivi. Fikiria mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja ya wavuvi wa sambaza ziwani kwetu: CD25 ni mtumbwi usio na mpiga kasia, kazi yake ni kushika wavu usipotee. Msukumo unatoka kwa ile miwili mingine.

IL-2 na IL-15 zinatumia CD122 na CD132 zilezile, na kikundi kikikamilika, umbo lake nje ya utando ni karibu sawa kwa zote mbili. Tofauti kubwa iko kwenye alfa. CD25 hukaa kwenye seli ileile inayopokea. IL-15R alfa mara nyingi iko kwenye seli ya jirani, dendriti au makrofaji, ambayo huibeba IL-15 juu ya utando wake na kumwonyesha NK au seli T ya CD8 ya kumbukumbu. Ndiyo maana panya asiye na IL-15 anakosa NK, na panya asiye na IL-2 hakosi NK, ila kinga yake inaanza kuushambulia mwili wenyewe, kwa sababu Treg, seli T zinazotuliza wenzake, zinategemea IL-2.

Swali la pili. Gene ya CD132, IL2RG, iko kwenye kromosomu X, na uhusiano wake na upungufu huu mkali wa kinga (SCID) ulionyeshwa mwaka 1993. Seli T zinahitaji IL-7 ndani ya thimasi, tezi ya kifuani zinamokomaa. NK zinahitaji IL-15. Ushahidi safi unatokana na kulinganisha wagonjwa:

– CD132 haipo: T hakuna, NK hakuna, B zipo.
– JAK3 haipo: picha ileile kabisa, lakini inawapata wavulana na wasichana, maana gene yake haiko kwenye X.
– CD127 haipo: T hakuna, B zipo, na NK zipo.

Mstari wa tatu ndio wa kufundishia. Umeondoa IL-7 peke yake, NK zimebaki. Kwa hiyo NK hazikuwa zikiingojea IL-7. Seli B za binadamu zinaweza kuzaliwa bila IL-7. Za panya haziwezi, kwa hiyo mwanafunzi akisoma makala ya panya atakuta B nazo zimepotea, na atadhani ama wewe ama makala imekosea.

Lakini usiseme B za mtoto huyo ni nzima. Hazisikii IL-21, na bila IL-21 hazitengenezi kingamwili nzuri. Ndiyo maana baadhi ya watoto waliopandikizwa uboho na kupata seli T za mtoaji, huku B zikibaki zao za zamani, wanaendelea kuhitaji imunoglobulini.

Kadutu_Bio (Bukavu)

Nakubaliana na Labo_Himbi kuhusu CD132, ila kanuni hiyo ya «mnyororo wa pamoja huwasha, wa pekee huchagua» isiandikwe ubaoni kama sheria ya familia zote. Ni kweli kwa gama. Kwa jamaa mbili nyingine mambo yamegeuka.

Chukua gp130 (CD130), inayoshirikiwa na IL-6, IL-11, IL-27, LIF, onkostatini M, CNTF na kadiotrofini 1. Hapa mnyororo wa pamoja wenyewe ndio wenye tirosini zinazoita STAT3. IL-6R, ambao ni wa pekee, hauna kazi ya kupeleka ishara. Unashika IL-6 tu na kuikabidhi. Kikundi kamili ni cha vipande sita: IL-6 mbili, IL-6R mbili, gp130 mbili. Tofauti kati ya IL-6 na IL-11 haitokani na STAT tofauti. Inatokana na seli ipi ina IL-6R na ipi ina IL-11R. gp130 yenyewe imetapakaa karibu kila mahali mwilini.

Beta ya pamoja (CD131) ya IL-3, IL-5 na GM-CSF inafanana na gp130 kwa hilo: mkia wake unabeba JAK2 na kuita STAT5, huku alfa zikichagua msikilizaji. Eosinofili (aina ya seli nyeupe) inaitikia IL-5 kwa sababu ina CD125, yaani alfa ya IL-5. Kwetu, ambako hemogramu (hesabu za seli za damu) zenye eosinofili nyingi kwa sababu ya minyoo hazimshangazi mtu, mfano huo unaingia darasani bila shida.

Na IL-6 ina jambo moja la ziada ambalo kliniki zetu zinapaswa kulijua. IL-6R inaweza kukatwa kutoka kwenye utando na kimeng'enya ADAM17 ikaelea kwenye damu. IL-6 ikishikamana nayo huko, inaweza kuiamsha seli yenye gp130 tu, seli ambayo kwa kawaida isingeisikia. Kwa mtu mwenye afya IL-6 ya seramu ni pikogramu chache kwa mililita, na IL-6R inayoelea ni makumi ya nanogramu. Hii ina matokeo mawili unapotumia tosilizumabu, inayoziba IL-6R. Kwanza, IL-6 ya seramu *inapanda* baada ya sindano, kwa sababu njia ya kuiondoa kupitia kipokezi imefungwa. Si dalili kwamba dawa imeshindwa. Pili, CRP (protini ya damu inayopimwa kutafuta dalili za maambukizi) inashuka hata maambukizi yakiendelea, kwa kuwa ini linatengeneza CRP kwa amri ya IL-6. Mgonjwa wa dawa hiyo usimtulize kwa CRP ya 2.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Aksanti sana, Kadutu_Bio, hapo umeniokoa na kosa la ubaoni. Swali dogo: IL-4 inawekwa kila mara kwenye orodha ya CD132, halafu sura inayofuata inasema IL-4 na IL-13 zinashirikiana kipokezi. Ni kipi?

Labo_Himbi (Goma)

Vyote viwili. Aina ya kwanza: IL-4R alfa + CD132, na hiyo inaisikia IL-4 tu. Aina ya pili: IL-4R alfa + IL-13R alfa 1, na hiyo inasikia IL-4 na IL-13. Seli T za binadamu hazijibu IL-13. Seli za ngozi na za njia ya hewa hutumia aina ya pili. Monositi zina zote mbili. Ndiyo maana dupilumabu, inayoziba IL-4R alfa, inanyamazisha sitokini mbili kwa mpigo. Kuna pia IL-13R alfa 2, inayoishika IL-13 kwa nguvu sana na kuitoa mzungukoni.

Ongeza CD127 kwenye orodha yako ya vipande vinavyotembea: IL-7 inaioanisha na CD132, lakini TSLP, sitokini nyingine, inaioanisha na mnyororo wake yenyewe, bila CD132.

Pipeti_Ruashi (Lubumbashi)

Nachukua swali la tatu. Jaribio bora la darasa ni mkunjo wa dozi wa IL-2 na kupima STAT5 yenye fosfeti (pSTAT5). Namba za affiniti zilizotajwa juu mwanafunzi ataziona mwenyewe kwenye skrini.

Hesabu kwanza. IL-2 ina uzito wa karibu kilodaltoni 15.5. Kwa hiyo nanogramu 0.1/ml ni karibu pikomola 6; 1 ni pikomola 65; 10 ni nanomola 0.65, 100 ni nanomola 6.5. Dozi nne hizo zinaanzia karibu na Kd ya kipokezi cha minyororo mitatu na kupita Kd ya kile cha minyororo miwili. Ongeza tibu ya tano bila IL-2.

Damu: tibu ya heparini. EDTA hunyonya kalsiamu, iepuke kwa jaribio lolote la kuamsha seli. Iweke kati ya 18 na 25°C, kamwe si juu ya barafu, na uifanyie kazi ndani ya masaa 24. Damu inayovuka ziwa kutoka Goma kwenda Bukavu iwekwe kwenye kisanduku bila pakiti ya baridi kugusa tibu. Kama ni damu ya mgonjwa, tuma na ya mtu mwenye afya iliyochotwa saa ileile, isafiri kisanduku kilekile. Bila hiyo hutajua kama ukimya ni wa mgonjwa au wa safari.

IL-2: chupa ya mikrogramu 10, yeyusha kwa mikrolita 100 za maji safi ya sindano, unapata mikrogramu 100/ml. Usiitikise kwa nguvu. Punguza kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) yenye albumini 0.1%; bila albumini, sitokini kwenye dozi ndogo inashika ukuta wa tibu, na dozi yako ya 0.1 inakuwa sifuri. Gawa vitibu vidogo, gandisha, kila kimoja kitumike mara moja. Umeme ukikatika usiku kucha na vikayeyuka, viandike «viliyeyuka» na uvitumie kwa mazoezi tu.

Hatua:

Weka mikrolita 100 za damu kwenye kila tibu, pasha 37°C dakika 10. Ongeza mikrolita 11 za IL-2 iliyo mara 10 ya dozi unayotaka (kwa dozi ya 100, tumia ya mikrogramu 1/ml). Dakika 15 kamili, 37°C. Bila kuiondoa kwenye joto, ongeza ml 2 za dawa ya kupasua seli nyekundu na kukaza, nayo ikiwa *imeshapashwa* 37°C, geuza tibu mara kadhaa, subiri dakika 10. Zungusha 600 g dakika 6 hadi 8, mwaga, osha kwa PBS. Ongeza ml 1 ya methanoli iliyotoka kwenye -20°C, tone kwa tone huku ukitikisa taratibu, dakika 30 juu ya barafu. Osha mara mbili kwa PBS yenye seramu 2%, kisha kingamwili dakika 45: CD3, CD4, CD25 na pSTAT5.

Tazama seli T za CD4 zenye CD25 nyingi (hizo ni Treg kwa sehemu kubwa) kando na CD4 zenye CD25 kidogo au zisizo nayo. Kundi la kwanza litawaka tangu 0.1 au 1. La pili litanyamaza mpaka 10, na kuwaka vizuri kwenye 100. Sitokini ni moja, CD122 na CD132 ni zilezile, na kilichowatenganisha ni mnyororo usiopeleka ishara.

Mahali panapoharibika:

Dawa ya kukaza ikiwa baridi, seli nyekundu hazipasuki vizuri, na fosfeti inaanza kuondolewa kabla seli haijakazwa. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Benmari ikizimika, termosi ya mdomo mpana yenye maji ya 38°C na kipimajoto inakuvusha dakika 15 hizo.

Methanoli inaua PE, APC na rangi zote zilizounganishwa nazo. Kingamwili zenye rangi hizo ziweke baada ya methanoli. Alexa 488 na Alexa 647 zinavumilia. Baadhi ya kloni (aina za kingamwili) hazitambui tena shabaha yake baada ya methanoli. Jaribu CD4 na CD25 yako kwanza bila kuamsha.

Usiweke kingamwili ya CD25 kabla ya IL-2. Kloni kadhaa zinakaa palepale IL-2 inapokaa, na mkunjo wako wa Treg utasogea kulia kwa sababu isiyohusiana na biolojia.

Baada ya methanoli seli ni nyepesi. Zungusha 800 g, la sivyo utazimwaga zote.

Sasa kwa mgonjwa anayeshukiwa hana CD132. Kuona CD132 kwenye utando hakutoshi, maana yapo mabadiliko ya gene yanayoacha protini iwepo na kazi isiwepo, pima ishara. Seli T hana, kwa hiyo pima seli B: IL-21 nanogramu 100/ml, dakika 15, pSTAT3 ndani ya CD19 au CD20. Usitegemee IL-4 na pSTAT6. Labo_Himbi ameeleza sababu bila kuikusudia: IL-13R alfa 1 inaweza kuijibu IL-4 bila CD132, utaona ishara, utasema kipokezi kizima. Tibu ya interferoni alfa na pSTAT1 iwepo kuthibitisha kwamba seli hizo ziko hai. Na ukikuta seli T kwa mtoto wa namna hiyo, angalia CD45RA na CD45RO (alama za T changa na za T zilizokwisha kuamshwa): T za mama zilizovuka kondo karibu zote ni RO, wakati za mtoto mchanga mwenye afya ni RA kwa wingi.

Katuba_Kinga (Lubumbashi)

Naongeza jamaa moja ambayo kwa nchi inayotoa BCG (chanjo ya kifua kikuu yenye bakteria hai) tangu kuzaliwa ina uzito wake: IL-12 na IL-23. Hizi zinashirikiana pande mbili. Zenyewe zinagawana p40 (IL-12 ni p35+p40, IL-23 ni p19+p40), na vipokezi vyake vinagawana IL-12R beta 1. Mnyororo wa pili ni IL-12R beta 2 kwa IL-12, inayoita STAT4, na IL-23R kwa IL-23, inayoita STAT3.

Mtu asiye na IL-12R beta 1 anapoteza zote mbili. Hemogramu yake ni ya kawaida, hesabu ya T, B na NK ni ya kawaida, lakini BCG inasambaa au salmonela zisizo za taifodi zinarudi tena na tena. Kipimo: damu ya heparini iliyopunguzwa mara mbili kwa RPMI (kimiminika cha kukuzia seli), masaa 48, visima vitatu: bila kitu, BCG, BCG pamoja na IL-12 nanogramu 20/ml. Pima interferoni gama. Kwa mwenye afya IL-12 inaipandisha sana juu ya BCG peke yake. Kwa asiye na IL-12R beta 1 hakuna tofauti. Kipokezi cha interferoni gama kwake ni kizima, ndiyo maana interferoni gama ya sindano, pamoja na antibiotiki, inaweza kumsaidia.

Tahadhari ya ununuzi: seti ya ELISA (kipimo cha protini kwa kingamwili) iliyoandikwa «IL-12 p40» au «IL-12/23 p40» haipimi IL-12. Inapima IL-12, IL-23, na p40 inayoelea peke yake au mbili mbili, na seli hutoa p40 kwa wingi mkubwa kuliko p70, yaani IL-12 kamili (p35+p40). Unayotaka ni p70, ambako kingamwili moja inanasa kipande kimoja na nyingine inatambua cha pili. Na kama umeamsha monositi za binadamu kwa LPS (kipande cha ukuta wa bakteria) tu, p70 karibu sifuri ni jambo la kawaida. Ongeza interferoni gama pamoja na LPS kabla ya kulaumu seti.

Kuhusu SCID, kwa hospitali isiyo na sitometa: hemogramu yenye hesabu kamili inatosha kuanzia. Mtoto wa miezi ya kwanza mwenye limfositi chini ya 3000 kwa mikrolita, rudia baada ya siku chache, pima VVU kwa PCR, na chanjo yoyote yenye vijidudu hai isubiri jibu. Asilimia pekee haitoshi: limfositi 40% ya seli nyeupe 4000 ni 1600, na watu wanaisoma kama kawaida.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Mkunjo wa dozi nitaufanya na vikundi vitano, kila kikundi tibu moja. Docta Pipeti_Ruashi, sina Alexa 647 kwa pSTAT5, nina PE tu. Inafaa?

Pipeti_Ruashi (Lubumbashi)

Inafaa, kwa kuwa pSTAT5 huwekwa baada ya methanoli tayari imeoshwa. Osha mara tatu badala ya mbili, na CD25 iwe APC ili isiingiliane na PE. Hakikisha hakuna harufu ya methanoli kwenye tibu kabla ya kuweka kingamwili. Ikiwepo, osha tena.